Kwangu Hamna Kunyoosha Mkono

Chuoni waliniita Maringo, na sikulipinga jina hilo hata siku moja. Mtu akinyoosha mkono anisalimie nami nikampita bila kuushika, aseme nini? Atasema huyu kijana anajiona. Mhadhiri akinitikisia kichwa kutoka kando ya ukumbi, mimi nikakaza shingo mbele, atasema hakulelewa. Siku moja kantini nilipiga trei ya binti wa watu, chai ikamwagika yote, na badala ya kuomba radhi nikamwambia, "Na wewe unasimama njiani kama nguzo." Basi, kuanzia hapo jina likakaa. Hakuna anayemhurumia mtu wa namna hiyo, na huruma ndiyo kitu nilichokuwa nakikimbia. Afadhali niitwe fidhuli kuliko niitwe kipofu.

Msinielewe vibaya, nilikuwa nasoma. Yale maandishi ya kusumbua yaliyo chini kabisa ya ukurasa niliyasoma bila miwani. Ungenipa sindano ningeitunga uzi mbele yako. Ndiyo maana hakuna aliyeshuku, na hata ningesema hakuna ambaye angeniamini. Mtu anasoma herufi za mchwa halafu hajaona ndoo iliyo mbele ya miguu yake? Aende akawadanganye wengine.

Tatizo lilikuwa pembeni. Nikiwa mwaka wa pili, daktari wa macho alinieleza kwamba nyuma ya jicho kuna utando unaopokea mwanga, na wangu unakufa polepole kuanzia kwenye kingo kuja katikati. Akachukua karatasi, akaikunja ikawa bomba, akaniambia niitazamie ukuta. Nikafumba jicho moja, nikaweka bomba kwenye jingine, nikatazama. Nikaliondoa. Nikaliweka tena. Hakukuwa na tofauti yoyote. Yeye alitaka kunionyesha jinsi ninavyoona, na mimi nikawa nasubiri anionyeshe kitu. Alipouona uso wangu akaichukua ile karatasi mkononi mwangu taratibu, akaitupa.

"Na bomba lako litaendelea kuwa jembamba," alisema.

"Mpaka lini?"

"Hilo hakuna anayejua. Kuna wanaokaa miaka mingi. Kuna wanaokwenda haraka."

"Dawa je?"

Akakohoa kidogo, akavuta kiti. "Upande wa mama yako, kuna mwanamume aliyepoteza macho?"

Nikamwambia hakuna. Nilimdanganya hivi hivi, kavu kavu, kwa sababu yupo, na kumtaja kungekuwa kukubali.

Mjomba wangu, kaka yake mama, tumbo moja, alikuwa dereva wa lori. Jioni moja aligonga trela lililoegeshwa kando ya barabara, jua bado halijazama sawasawa. Wakasema amelewa. Mjomba hajawahi kuonja pombe tangu azaliwe, lakini dereva anayegonga gari lililosimama ana la kujitetea? Na yeye hakutaka kusema kwamba hakuliona. Akafukuzwa kazi kwa ulevi ambao hakuwa nao. Sasa anakaa kwenye kiti cha plastiki kwenye korido ya nyumba yetu, mgongo ukutani, redio mapajani. Wageni wakija wanamuuliza mama, "Huyu amekula?" naye yuko pale pale anawasikia. Mama humkatia nyama kwenye sahani na humchagulia shati la kuvaa. Mtu mzima aliyekuwa anageuza lori kwenye uchochoro kwa mkono mmoja. Nilipotoka kwa yule daktari sikuogopa giza. Niliogopa kile kiti.

Basi nikapiga hesabu zangu, maana hesabu ndiyo somo langu. Nilikuwa nasomea ualimu. Mwalimu akipofuka akiwa kazini bado ni mwalimu: ana darasa lake, ana wenzake, watamtafutia njia. Mwanafunzi akipofuka ni mgonjwa tu, anarudishwa kwao. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa moja, nimalize kabla bomba halijaziba. Nikimaliza, hata likiziba siku ya pili yake, nitakuwa mtu. Hilo ndilo nililoliomba asubuhi na jioni, na mengine yote nikayaacha.

Nikajifunza ujanja. Kwenye ukumbi wa mihadhara nilifika kabla ya watu, nikakaa kiti kile kile, nikaondoka baada ya watu. Ngazi nilizipapasa kwa ncha ya kiatu huku najifanya nafikiri mambo makubwa. Nilipotembea niliweka simu sikioni na kuzungumza peke yangu, "Ndiyo, ndiyo, nimekuelewa bosi," ili anayenisalimia aone nina shughuli. Giza likianza kuingia niliingia chumbani. Wenzangu wakasema nalala na kuku, nikawaambia kuku wana akili kuwashinda.

Aliyejua alikuwa mmoja tu, mwenzangu wa chumbani. Tulimwita Fundi kwa sababu alitengeneza simu za watu kitandani kwake, na shuka lake siku zote lilijaa vijiskurubu. Yeye hakuambiwa, aligundua. Siku moja aliniachia glasi ya maji ukingoni mwa meza, nikaipiga chini, akaokota vigae bila kusema kitu. Kesho yake akaiweka pale pale makusudi, nikaipiga tena.

"Wewe ndugu yangu huoni," alisema.

"Na wewe unaweka glasi kama mtoto."

"Sawa. Lakini huoni."

Tangu siku hiyo, tukiwa na kipindi cha jioni, Fundi alivaa shati jeupe. Alitangulia mbele yangu, mimi namfuata mgongoni mwake, tunafika. Hakulizungumzia hilo shati na mimi sikumshukuru. Alichokizungumzia ni kimoja, na alinichosha nacho: "Waambie. Nenda ofisini ukawaambie."

"Niwaambie wanitoe ualimu?"

"Nani kakwambia watakutoa?"

"Wewe ungempa mtu asiyeona ndoo darasa zima la watoto?"

"Mimi si ofisi," alisema Fundi. "Umewauliza?"

Sikuwa nimewauliza. Nilimwambia ashike skurubu zake aniache.

Mwaka wa mwisho tulipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Kila mmoja alipangiwa shule, akapewa darasa, na ikatangazwa kwamba msimamizi kutoka chuoni atakuja kukaa nyuma ya darasa kipindi kimoja tu na kutoa alama. Alama hiyo ndiyo ilikuwa kila kitu. Ukianguka, humalizi, unarudia mazoezi mwaka unaofuata.

Mimi nilipewa hesabu, kidato cha pili, kwenye chumba kirefu chenye madirisha upande wa nyuma tu. Ukisimama mbele, mwanga wote unakuja usoni na watoto wanakuwa vivuli. Siku ya kwanza niliuliza swali nikamwona aliyekuwa katikati ya bomba langu peke yake. Nikamchagua. Nikauliza la pili, nikamchagua yeye tena. La tatu, yeye tena. Nikasikia minong'ono, mtu akisema mwalimu ana mchumba wake. Jasho likanitoka mpaka kwenye kola.

Kesho yake nikaingia na sheria. Nikapiga dasta mezani, nikasema, "Sikilizeni. Kwangu hamna kunyoosha mkono. Mkono hauna mdomo. Anayejua jibu agonge dawati mara moja, aseme jina lake, anyamaze asubiri. Anayegonga hovyo atafuta ubao wiki nzima."

Walifurahi kupita kiasi. Mtoto gani hapendi kugonga dawati kwa ruhusa? Na nawaambieni, lilikuwa jambo jema kuliko nilivyotarajia. Nilizijua sauti zao kabla sijazijua sura. Nilijua nani anagonga kwa uhakika na nani anagonga kwa kubahatisha. Wale wa kona za nyuma, ambao walimu wengine hawakuwahi kuwaita, walianza kugonga. Kulikuwa na binti mrefu huko nyuma kabisa waliyemwita Spika, mdomo haukai, mtundu wa kutupwa, na hesabu zilikuwa zimemshinda tangu darasa la kwanza; hata yeye akaanza kugonga. Nilikuwa mwalimu mzuri, na mtu asinibishie hapo. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba darasa langu linapiga ngoma, nikamjibu kwamba ndiyo hesabu za kisasa hizo. Alicheka akaondoka.

Siku moja kabla ya msimamizi kuja, mama alipiga simu. Mama hapigi simu kwa ufupi.

"Mwanangu, umekula?"

"Nimekula mama."

"Umekula nini?" Nikamtajia. "Hicho si chakula. Haya, kesho ndiyo kesho. Nimewaambia majirani wote, hata yule wa duka ambaye sisemi naye. Nimemwambia mwanangu anakaguliwa kesho na profesa. Mjomba wako huyu hapa anataka kukusalimu."

Sikutaka. Lakini simu ilikwisha kupokewa, nikamsikia anahema.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mzima?"

"Mzima."

Redio yake ilikuwa inasikika. "Jioni unaonaje?"

"Naona vizuri tu, mjomba."

"Mashimo? Ngazi?"

"Naona vizuri."

"Haya," alisema. "Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo." Akamrudishia mama simu. Mama akaendelea na habari za majirani, mimi nikawa nasema ndiyo mama, ndiyo mama, wala sikusikia neno.

Sasa mjue kuna mchezo wanafunzi wa ualimu wote wanaucheza, na wasimamizi wanaujua wakijifanya hawaujui. Somo la kukaguliwa unalifundisha kabla, ili siku yenyewe watoto wajibu kama maji. Nami nikafanya hivyo. Nikawafundisha pembe za pembetatu, nikawauliza jumla ya pembe zote tatu, wakajibu mpaka mpumbavu wa mwisho. Nikapanga kwamba hilo ndilo litakuwa swali langu la kufungulia, madawati yalie kila upande, msimamizi aone darasa lililo hai. Nikalala nimetulia, kitu ambacho sikuwa nimekifanya muda mrefu.

Asubuhi mvua ilijikusanya. Wingu likashuka mpaka juu ya mabati, umeme ukakatika. Nilisimama mlangoni mwa darasa langu, nikatazama ndani, sikuona chochote. Watu wengine kwenye chumba kama kile wanaona hafifu. Mimi siku za wingu naona madirisha tu. Nikasema moyoni, si kitu, wewe una masikio. Jikaze.

Msimamizi wangu alikuwa Profesa mmoja, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu, mkavu, asiyecheka ovyo, na chuoni tulimwogopa. Aliniamkua kwa heshima kama mwalimu mwenzake, akaenda kukaa nyuma. Darasa likasimama, likasalimu kwa sauti moja, likakaa. Walikaa vizuri kuliko siku zote. Hapakuwa na kiti kilichokwaruza sakafu. Nilifurahi, nikadhani wanataka kunipamba.

Nikachora pembetatu ubaoni. Ubao uko karibu na chaki ni nyeupe, kwa hiyo hapo nilikuwa sawa, na mistari ilinyooka. Nikageuka.

"Jumla ya pembe zote tatu ni ngapi?"

Kimya.

Nikangoja. Mvua ilianza kugonga bati, moja moja. Nikatega sikio, labda wanagonga kwa woga. Hakuna.

"Nimeuliza. Jumla ya pembe za pembetatu."

Kimya tupu. Hakuna aliyekohoa. Jana waliimba, leo wamemeza ndimi? Mbele ya mtu huyu? Mimi hofu ikinishika naigeuza kuwa hasira, ndivyo nilivyoishi chuoni mwaka baada ya mwaka, na hasira ikaja mbio kama mbwa aliyezoea kuitwa.

"Hakuna hata mmoja? Darasa zima? Jana nilikuwa nafundisha madawati?" Nikapita mbele ya safu ya kwanza. "Nyinyi ni wajinga, au mmeamua kuniaibisha? Nimewafanyia nini? Nimewalisha hesabu wiki zote hizi, mgeni mmoja akija mnageuka mabubu. Wajinga wakubwa. Hata aibu hamna."

Nilisema na mengine. Sitayarudia.

Halafu sauti ikatoka pale pale karibu na kiuno changu. Alikuwa kiranja wa darasa, binti mpole anayekaa dawati la mbele. Alizungumza kwa kunong'ona, ili mgeni asisikie.

"Mwalimu. Tumenyoosha wote."

Nikageuza kichwa kumfuata. Kwa ukaribu ule nikaona kiwiko. Nikapanda nacho: mkono, kiganja, vidole vimenyooka. Nikasogeza kichwa pembeni, mkono mwingine. Pembeni yake, mwingine. Nikawa napita safu nzima hivyo, mkono, mkono, mkono, mingine inatetemeka kwa kuchoka, wengine wameushika mkono wa kulia kwa wa kushoto usianguke. Walikuwa wameinyoosha tangu swali la kwanza. Walikuwa wameinyoosha wakati wote nilipokuwa nawatukana.

Sijui nilisema nini baada ya hapo. Nakumbuka nilimtaja mmoja, akajibu, akapata, nikasema vizuri. Nakumbuka Profesa alisema kutoka nyuma, "Endelea, Mwalimu," nami nikaendelea, sauti yangu ikitoka kwa mtu mwingine. Kipindi kilipofika nusu akasimama, akaniomba tutoke.

Tulisimama kibarazani, mvua ikitupigia miguu.

"Macho?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Mwaka wa pili, Profesa. Yalianza mapema, lakini nilijua mwaka wa pili."

"Chuoni nani anajua?"

"Mwenzangu wa chumbani."

Akavuta pumzi. "Kwa nini watoto hawakuona kwamba huoni? Uliwafundishaje siku zote?"

Nikamweleza kugonga dawati. Nikamweleza yote, maneno yakitoka yakikanyagana: bomba, daktari, kiti cha mjomba, hesabu zangu za kumaliza kabla ya kuziba. Sikuwahi kumwambia mtu mambo hayo kwa mpigo mmoja. Alisikiliza bila kunikatiza, na kwa mara ya kwanza nikapata tumaini, nikaona ameelewa, nikaona ataniokoa.

"Ungeniambia asubuhi hii," alisema, "hata pale getini, ningekaa nyuma nikaangalia mtu anavyofundisha darasa bila kuona mikono. Sijawahi kuona kitu hicho. Ningependa kukiona. Hukuniambia. Nimeona mwalimu anawaita watoto wajinga na wote wamenyoosha mikono wanajua jibu. Hicho ndicho nilichokiona, Mwalimu, na hicho ndicho nitakachokiandika."

"Profesa, nakuomba."

"Utarudia mwakani."

"Mwakani sijui kama nitakuwa na macho." Nilimshika mkono wa koti. Mimi, Maringo, nilimshika mwanamke mtu mzima mkono wa koti mbele ya madirisha ya shule. "Nakuomba kama mama yangu. Nipitishe tu. Nikishapita haitakudhuru kitu. Mama yangu ameshawaambia watu. Nikirudi nyumbani hivi sitoki tena."

Hakuutoa mkono wangu. Alivua miwani yake, akaifuta kwa kitambaa, na nikaona macho yake yamelowa. Yalikuwa katikati kabisa ya bomba, niliyaona vizuri mno.

"Nimekusikia," alisema. "Na mwakani njoo, uwe na macho, usiwe nayo. Ila waliomo mle ndani hawana kosa, na mimi nimekaa nao nyuma." Akaivaa miwani, akafungua mwavuli, akaondoka. Nilimchukia mpaka alipotoka kwenye bomba, na hiyo haikuchukua muda.

Simu ikatetemeka mfukoni. Sikuhitaji kuitoa kujua ni nani. Ikatetemeka ikakoma, ikaanza upya. Mama alikuwa amekaa karibu na kaka yake, bila shaka, amemwekea chai, wanasubiri. Niliegemea ukuta nikaiacha ilie mpaka ikachoka. Nililia na mimi. Mvua ilisaidia kuficha sauti.

Kilikuwa kipindi cha mara mbili, na nusu ya pili bado ilikuwa yangu. Ningeweza kwenda zangu. Sijui kwa nini niliingia. Nadhani sikuwa na mahali pengine pa kuingia.

Walisimama. Umeme ulikuwa umerudi, taa zinawaka. Nikawaambia wakae. Kiranja alibaki amesimama mbele yangu, na nilipoteremsha macho nikaona uso wake wote umelowa.

"Mwalimu, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyewaambia wasigonge. Niliwaambia mgeni ataona hatuna adabu, atasema mwalimu wetu hajui kufundisha. Nikawaambia tunyooshe mikono kama kwa walimu wengine. Tulitaka upate alama nyingi."

Nilikaa juu ya meza. Hasira haikuja. Niliitafuta, maana nilikuwa naihitaji, lakini haikuja.

"Hamkukosea," nilisema. "Kaa chini, mama. Nyote hamkukosea. Nimewaita wajinga, na mjinga alikuwa mmoja tu humu ndani, na alikuwa ameshika chaki." Kuna aliyecheka kidogo, akanyamaza. "Mimi sioni. Naona kidogo tu hapa katikati, kiasi cha uso mmoja. Kwingine kote hamna kitu. Ndiyo maana niliwaambia mgonge. Haikuwa hesabu za kisasa. Na hicho kidogo nacho kitakwisha. Profesa hajanipitisha. Mkimaliza muhula huu sitakuwa mwalimu wenu, na sijui kama nitakuwa mwalimu wa mtu mwingine."

Mlio wa mvua ulijaza chumba. Watoto wa umri ule hawajui waweke wapi kitu kama hicho, na mimi sikuwalaumu, kwa kuwa sikujua pia. Kisha kutoka kule nyuma kabisa ikaja sauti ya Spika, na ilikuwa na utani ndani yake, kwa sababu yeye utani ndio alionao.

"Mwalimu, hivi ni vingapi?"

Darasa likaangua kicheko. Ungekuwa wewe usingecheka? Hata mimi nilikaribia. Wote walikuwa wamegeuka kumtazama, nilisikia madawati, wote walikiona alichokionyesha isipokuwa aliyeulizwa.

Nikasimama. "Ngoja," nilisema. "Usishushe."

Nikaelekeza kichwa kwenye sauti. Dirisha. Nikashuka, bega la mtu, si lake. Nikarudi. Kitabu. Kona ya dawati. Kicheko kikaanza kupungua. Nikapata sketi, nikapanda, nikapata kifungo, nikapoteza, nikaanza upya kutoka kwenye dawati. Sasa hakuna aliyecheka hata mmoja. Nilisikia wanavyoniangalia. Nikapata kidevu chake, nikapata sikio, nikatoka pembeni nikakosa, nikarudi, nikaupata mkono kwenye kwapa nikaufuata polepole, mkono wa sweta uliochanika kiwiko, mpaka juu kwenye vidole. Alikuwa ameushikilia wakati wote huo.

"Vitatu," nilisema.

"Sahihi, Mwalimu," alisema Spika. "Umejitahidi."

Utani ulikuwa umemtoka wote. Alilisema kwa upole ule ule ambao mimi humsemea yeye, akipata jibu baada ya kuhangaika sana, nami sitaki akate tamaa.